Habari Mbaya Hupanda Ngazi Polepole

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa taasisi mbalimbali, wahandisi wenzangu, mafundi, na wanafunzi wa vyuo mliosafiri kutoka mikoani, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada yenye maneno matatu mazito: uongozi, ushirikiano na ubunifu katika miradi mikubwa ya ujenzi. Kwa desturi, mzungumzaji akipewa mada ya namna hii huigawa mafungu matatu, akalisifu kila fungu kwa zamu yake, kisha akashuka jukwaani akipigiwa makofi. Waandaaji wataniwia radhi, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa saiti sijawahi kuyaona mambo hayo matatu yakitembea kila moja kivyake. Nimeyaona yakikutana mahali pamoja tu: pale mtu wa chini anapogundua kasoro, na habari ya kasoro hiyo ikawa haina budi kumfikia mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi kabla haijageuka msiba. Leo nitazungumzia safari ya habari hiyo, urefu wake, na wanaosimama njiani kuizuia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuoni miaka miwili tu, nikakabidhiwa kusimamia ukuta wa ncha ya daraja, mkoani, katika mradi ambao sitautaja wala sitamtaja mkandarasi wake. Ukuta ulikuwa na kimo cha mita nne na ushei, na tulikuwa tumekubaliana kwamba zege limwagwe polepole, kwa tabaka, ili la chini lipate muda wa kuanza kushika kabla halijabebeshwa la juu. Mnafahamu sababu. Mita moja ya ujazo ya zege bichi ina uzito wa takribani kilo 2,400, na kabla halijashika husukuma mbao za boksi, yaani kalibu linaloshikilia zege, kama maji yanavyosukuma kuta za tangi, tena kwa nguvu inayozidi ya maji mara mbili. Siku hiyo wingu lilikuwa limetanda, mikisa zote mbili zilikuwa nzima, jambo ambalo kwetu lilikuwa nadra, na nyampara akaona heri tukimbizane na mvua tumalize. Kibarua aliyekuwa ameshika vaibreta, mashine ya kutikisa zege lijae vizuri, akaona boksi limeanza kutoa tumbo upande wa mtoni. Akamwambia nyampara, na nyampara akamjibu kwamba aliajiriwa kushika vaibreta, si kukagua mbao.

Saa saba mchana vibarua walikwenda kula kwa zamu, na habari ya lile tumbo ikaliwa pamoja na ugali na dagaa. Jioni, baada ya boksi kupasuka na zege kumwagika mtoni kama uji uliofurika chunguni, mama ntilie aliyekuwa akiwalisha vibarua wetu aliniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa: "Kwani mwanangu injinia, wewe hukuambiwa? Hapa mchana walikuwa hawana hadithi nyingine."

Sikuambiwa. Nilikuwa nakula ndani ya kontena la ofisi, chakula changu kikiletwa kwenye hotipoti, hatua kama mia moja kutoka kwenye benchi lake. Habari ilikuwa imetoka ukutani ikafika jikoni, ikakaa huko saa nne nzima, na katika hatua hizo mia moja zilizobaki hapakupatikana hata mtu mmoja wa kuibeba. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Tulishinda siku kadhaa tukibomoa mabaki kwa nyundo na patasi, na tangu wiki ile nikahamia kwa mama ntilie. Wenzangu walidhani nabana matumizi.

Hatua mia moja si mbali. Sasa tuutazame umbali mkubwa zaidi, katika mkasa ambao kila anayesomea madaraja anapaswa kuujua kwa saa na dakika zake: daraja la Quebec, nchini Kanada, juu ya Mto Saint Lawrence.

Daraja hilo la chuma lilikusudiwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani, na mhandisi mshauri wake alikuwa Theodore Cooper, mtu mwenye jina kubwa Marekani wakati huo, mzee ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika na ambaye aliendesha usimamizi wake akiwa New York. Wakati wa kuandaa mradi, nafasi kati ya nguzo kuu mbili iliongezwa kutoka mita 488 hadi mita 549. Kosa halikuwa katika kuongeza. Kosa lilikuwa kwamba hesabu ya uzito wa daraja lenyewe haikurudiwa ipasavyo, na ilipokuja kugundulika kwamba chuma kilichokwisha kutengenezwa kilikuwa kizito kuliko kilivyokadiriwa, kazi ilikuwa imefika mbali, na Cooper akaridhika kwamba mzigo wa ziada ungevumilika. Kabla ya hapo, serikali ilipopendekeza kazi yake ipitiwe na mhandisi mwingine, alikuwa amelikataa pendekezo hilo kwa ukali. Hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo habari ilifungiwa mlango, na aliyeufunga alikuwa mkubwa wa kazi.

Kiangazi cha mwaka 1907, mafundi wakaanza kuona kwamba nguzo za chini za daraja, yaani vyuma vikubwa vinavyobeba mgandamizo, zinapinda. Matundu ya ribiti yaliyotakiwa kulingana hayakulingana. Nguzo moja ya upande wa kusini, iliyokuwa imepinda kwa takribani milimita 19, ilipopimwa tena tarehe 27 Agosti ilikutwa imepinda kwa milimita 57. Mafundi wakasema. Wakaguzi wakaandika barua. Ndipo ukazuka ubishi ambao kila mmoja wenu ataukuta siku moja katika kikao fulani: upande wa kiwanda kilichotengeneza vyuma ulishikilia kwamba vyuma vile vilikuwa na kasoro hiyo tangu kabla havijafungwa, kwa hiyo hakuna jambo jipya. Nawaomba mtafakari ubishi huo. Chuma kimepinda mbele ya macho ya watu, kimepimwa kwa uzi na rula, na bado wasomi wanabishana kuhusu siku kilipoanza kupinda, huku kila asubuhi uzito ukizidi kuongezwa juu yake.

Norman McLure, mhandisi kijana aliyekuwa macho ya Cooper pale saiti, alipanda treni kwenda New York kumweleza mwenyewe ana kwa ana. Alifika tarehe 29 Agosti, karibu na adhuhuri. Cooper alielewa mara moja, na lazima tumpe haki yake kwa hilo. Alipeleka simu ya maandishi akiagiza mzigo wowote usiongezwe hadi jambo litafakariwe, lakini hakuipeleka Quebec walikokuwa watu juu ya chuma. Aliipeleka Phoenixville, Pennsylvania, yaliko makao ya kampuni iliyojenga. Huko iliposomwa alasiri, wakubwa wakakubaliana kwamba uamuzi usubiri hadi asubuhi. Jioni hiyo hiyo, kazi ikifikia mwisho wa siku, mkono wote wa kusini wa daraja ukaanguka mtoni katika muda wa sekunde 15 hivi. Walikufa watu 75, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa mafundi wa kabila la Mohawk kutoka kijiji kimoja tu, Kahnawake.

Tume ya uchunguzi ilieleza makosa ya usanifu kwa kirefu, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa maana daraja lilianguka kwa sababu nguzo zake zilikuwa dhaifu. Lakini watu walikufa kwa sababu nyingine pia. Udhaifu wa nguzo ulikuwa umejulikana kwa wiki kadhaa, na siku ile ya mwisho ulijulikana kwa saa kadhaa hata kwa wale waliokuwa na uwezo wa kusema neno moja, "Shukeni." Wanafunzi wangu wengi waliposoma mkasa huu walimhukumu Cooper peke yake. Mimi huwa namfikiria zaidi mtu asiyetajwa vitabuni, msimamizi yeyote aliyekuwa pale juu jioni ile, aliyeona kwa macho yake kwamba mambo si mazuri, na ambaye mpango mzima wa uongozi ulikuwa umemfundisha kwamba kusimamisha kazi si kazi yake.

Msiseme kwamba tatizo lilikuwa ugonjwa na umbali wa kiongozi. Miaka 35 kabla ya hapo, mwaka 1872, Washington Roebling aliyekuwa akiongoza ujenzi wa daraja la Brooklyn alilemazwa na ugonjwa unaowapata watu wanaoshuka kufanya kazi ndani ya visanduku vya hewa iliyogandamizwa chini ya mto. Hakuweza tena kwenda kazini, akawa analitazama daraja kwa mbali kutoka dirisha la nyumba yake. Mkewe, Emily Roebling, ndiye aliyekuwa akienda na kurudi. Alijifunza hesabu za nyaya na nguvu za vyuma hadi akawa anabeba maswali ya mafundi kwenda kwa mumewe na kurudisha majibu, na hakuyabeba kama tarishi abebavyo bahasha iliyofungwa, bali kama mtu anayeelewa kilichomo na anayeweza kuulizwa zaidi. Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883.

Kuna jambo lililotokea katikati ya kazi hiyo ambalo nalipenda sana. Mwaka 1878 iligundulika kwamba msambazaji wa waya alikuwa akifanya udanganyifu: waya nzuri ilionyeshwa kwa wakaguzi, kisha njiani ikabadilishwa kwa waya mbovu, na kiasi kikubwa cha mbovu kilikuwa kimekwisha kufungwa ndani ya nyaya kuu, mahali ambapo hakikuweza kutolewa. Roebling alikuwa amesanifu nyaya hizo ziwe na nguvu mara sita ya zilizohitajika. Akapiga hesabu upya, akaona kwamba zimebaki na nguvu mara tano, akaagiza kila waya mkuu uongezewe nyuzi 150, na kazi ikaendelea. Akiba ile ndiyo iliyomwezesha kuipokea habari mbaya bila kuhamaki. Kiongozi aliyesanifu kila kitu kwa kipimo cha mwisho kabisa, iwe ni nguvu ya chuma, au siku za ratiba, au shilingi za bajeti, hataki kusikia habari mbaya kwa sababu hana mahali pa kuiweka. Watu wake hulijua hilo upesi, nao huacha kumletea.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wenu mmepanda treni ya TAZARA, na wengine mna baba au babu waliochimba tuta lake. Ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 1970, reli ikafika Kapiri Mposhi, Zambia, Juni 1975, na mradi ukakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ni kilomita 1,860 zilizojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina, na wakati kazi ilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa makumi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Katika kilomita zipatazo 157 tu palihitajika mahandaki 18 na madaraja 46.

Watu hao waliwasiliana vipi? Kichina, Kiswahili, Kibemba na Kiingereza cha kuungaunga havikutosha kueleza namna ya kufunga boksi la nguzo ya daraja. Kwa hiyo mafunzo mengi yalikuwa ya kuonyesha: mtaalamu anashika kifaa, anafanya, kibarua anatazama, kisha anafanya yeye na mtaalamu anatazama. Kambi zao zilitengana, na sitaki tuupambe wakati ule kuliko ulivyokuwa, kwa maana saa za kazi zilikuwa ndefu, nidhamu ilikuwa kali na malalamiko yalikuwapo. Lakini tazameni matokeo ya utaratibu ule kwa safari ya habari. Mtaalamu aliyelazimika kushika sururu ili afundishe alikuwa amesimama palepale ambapo kasoro huonekana kwanza. Hakuhitaji kuletewa ripoti kwamba mwamba wa handaki unamomonyoka. Vumbi lake lilikuwa machoni mwake. Hata hivyo, kazi hiyo iliua. Zaidi ya Wachina 60 walikufa nchini kwetu na Zambia, na wengine wamezikwa Gongo la Mboto, hapa hapa Dar es Salaam. Walikufa Waafrika pia, na inaniuma kwamba makaburi yao hayakuwekwa mahali pamoja ili nasi tuyazuru.

Halafu reli ikaanza kazi, na hapa ndipo sifa zangu zinapoishia. Injini za kwanza za dizeli zilizidiwa na mlima uleule ambao wajenzi waliushinda kwa jasho, na ilibidi zinunuliwe nyingine zenye nguvu zaidi kutoka kwingine katika miaka ya 1980. Mjenzi aliyekwisha kukabidhi funguo hayuko tena kwenye mteremko kuisikia injini inavyohema. Dereva wa treni anaisikia kila siku, lakini dereva si sehemu ya timu ya ujenzi katika michoro yetu ya utawala, na mimi nadhani hilo ni kosa letu sisi wahandisi, kosa ambalo bado tunalirudia kwenye barabara, hospitali na masoko.

Kuhusu ubunifu nitasema machache, kwa sababu neno lenyewe limechoka kwa kutumiwa. Bwawa kuu la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye kimo cha mita 131, limejengwa kwa zege la kushindiliwa, yaani zege kavu linalotandazwa na makatapila kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa kwa rola, karibu kama tunavyojenga barabara. Njia hiyo hutumia saruji kidogo, hupunguza joto linalozaliwa ndani ya zege, na huharakisha kazi kupita njia ya kawaida. Lakini ina sharti moja kali: tabaka la juu lazima lilikute la chini kabla halijakauka kupita kiasi, la sivyo baina yake panabaki mshono ambao maji yatautafuta. Muda wa kugundua ni wa saa chache. Atakayegundua ni dereva wa rola, au kijana anayenyunyiza maji kama ukungu mwembamba ili uso wa zege usikauke, na akinyamaza kwa woga, hakuna maabara itakayokuja kumsaidia siku ya tatu. Kadiri mbinu inavyokuwa mpya na ya haraka, ndivyo habari mbaya inavyopaswa kutembea haraka. Mkandarasi anayenunua mitambo ya kisasa na kubaki na nyampara wa zamani, yule anayemwambia kibarua kwamba hakuajiriwa kukagua mbao, amenunua njia mpya ya kufika haraka kwenye kosa lilelile.

Mtaniambia kwamba siku hizi mambo ni tofauti, kwamba kila mradi una kundi la WhatsApp na picha zinapanda kila dakika. Ni kweli zinapanda. Nimewahi kuongezwa kwenye kundi moja la namna hiyo, nikaona picha 40 kwa siku za watu waliovaa kofia ngumu wakitabasamu mbele ya nondo zilizofungwa vizuri, na chini yake pongezi na viganja vya kushukuru. Sikuona hata picha moja ya zege lenye matundu kama asali ndani ya sega. Katika mradi wa ukubwa ule, kutokuwapo kwa picha hiyo kulinitisha kuliko ambavyo ningetishika kuiona.

Mikataba nayo ina sehemu yake. Toleo la 2017 la mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo wengi wenu mnaitumia, lina kifungu kinachozitaka pande zote kupeana tahadhari ya mapema kuhusu jambo lolote linaloweza kuathiri kazi, gharama au muda. Ni kifungu kizuri. Lakini kinaishia kwa watu wanaotia saini mikataba, na kibarua wa vaibreta hajatia saini kitu zaidi ya daftari la mahudhurio. Kinachobaki kati ya kifungu hicho na yeye ni ninyi, wahandisi wa saiti, na jinsi mnavyoendesha kikao cha asubuhi. Mimi nilijifunza kukianza kwa swali moja tu, "Jana kipi kiliwatisha?", na kunyamaza hadi mtu ajibu, hata kama kimya kinakera. Wiki ya kwanza hawajibu. Wiki ya pili anajibu mlevi au mcheshi. Siku utakayosimamisha umwagaji wa zege kwa saa mbili kwa neno la kibarua, kisha ikaonekana kwamba alikosea, na ukamshukuru mbele ya wote huku lori za zege zikinguruma barabarani na meneja akikupigia simu, ndipo wataanza kuzungumza. Saa hizo mbili zina gharama, na zege lililochelewa ndani ya lori linaweza kuishia kumwagwa shimoni. Ziwekeni kwenye bajeti kama mnavyoweka dizeli.

Muda wangu umekwisha, na mwenyekiti ananitazama. Nimeona kwamba viti vya mbele vimekaliwa na wakurugenzi na wahandisi wakuu, na kwamba mafundi na wasimamizi wa saiti wamekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwa idhini ya mwenyekiti, naomba maswali yaanzie huko nyuma, na kipaza sauti kiwafuate walipo.